Nani Asaidiwe, na Nani Aamue?

Ndugu msomaji, turudi nyuma kidogo, mpaka mwaka 2014. Tuko katika mkutano wa kijiji, wilayani Tarime. Kijiji hiki na watu wake tumewatunga kwa ajili ya mfano. Lakini mikutano kama huu ilifanyika katika vijiji vingi vya Tanzania miaka hiyo.

Watu wameketi chini ya mti. Wengine wamesimama kwenye kivuli cha ukuta wa shule. Mwenyekiti wa kijiji anasema kwamba kazi ya leo ni moja. Wanakijiji watataja kaya zilizo maskini kuliko zote. Kaya hizo zitaingia katika mpango wa serikali wa kunusuru kaya maskini. Zitapata fedha.

Watu wananyamaza. Kisha kijana mmoja anasimama.

"Ndugu mwenyekiti, fedha za bure zinalea uvivu. Mwenye nguvu ashike jembe. Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Mzee mmoja anajibu akiwa ameketi, fimbo mkononi.

"Mwanangu, mimi nimelipa kodi tangu nikiwa kijana kama wewe. Shule hii nimebeba mawe yake. Kama fedha hizi ni za serikali, basi ni zetu sote. Kwa nini wapewe wachache?"

Nyuma kabisa anasimama mama mjane. Anasema kwa sauti ndogo.

"Wazee wangu, nisameheni. Nimesikia limetajwa jina la mtu mwenye ng'ombe kumi na tano. Mimi ninalea wajukuu watatu, sina hata mbuzi. Hakuna aliyenitaja. Je, ni kwa sababu sina ndugu katika kamati?"

Ndugu msomaji, watu hawa watatu wanauliza maswali matatu. Kijana anauliza: Msaada utolewe kwa masharti gani? Mzee anauliza: Nani asaidiwe, wote au wachache? Mama anauliza: Nani anaamua?

Maswali haya hayakuanza mwaka 2014. Yameulizwa katika nchi yetu kwa zaidi ya miaka mia moja. Kila wakati yamepata majibu tofauti. Tukiyajua majibu hayo, tutajadili vizuri zaidi katika mikutano yetu.

ZAMANI, MSAADA ULIKUWA KWA NDUGU NA JIRANI

Kabla ya wakoloni watu wa Mara hawakuwa na serikali ya kuwagawia chakula. Lakini hawakuwa bila msaada. Mtu aliyeugua wakati wa palizi alisaidiwa na majirani. Walikuja pamoja, wakapalilia shamba lake, wakala na kunywa pamoja. Kazi hiyo ya pamoja iliitwa risaga. Kesho yake ilikuwa zamu ya mwingine.

Ng'ombe nao walikuwa akiba. Mvua zilipokosekana, Wakuria waliuza ng'ombe au mbuzi ili wapate ulezi au mtama kwa majirani waliovuna. Upande wa Serengeti, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme walikuwa na akiba nyingine. Akiba hiyo ilikuwa pori. Mwaka wa njaa waliwinda, wakala nyama, na nyama nyingine wakabadilishana na nafaka.

Hata uzee ulikuwa na mpango wake. Kwa Wakuria ipo mila ya nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe za mahari na kuoa msichana. Watoto wa msichana huyo huhesabiwa kuwa ni wa nyumba ya mama yule. Kwa njia hiyo nyumba yake haifi, naye hupata watu wa kumtunza.

Mipango hii ilikuwa na nguvu, lakini pia ilikuwa na kasoro. Mwenye ndugu wengi alisaidiwa sana. Mpweke alisaidiwa kidogo. Na njaa ilipoingia kila nyumba, hata jirani mwema alikuwa hana cha kutoa.

SERIKALI YA KWANZA ILIKUJA KUCHUKUA

Serikali ya kikoloni haikuanza kwa kutoa. Ilianza kwa kuchukua. Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897. Kodi hiyo ilifika vijijini kadiri utawala wao ulivyoenea. Katika sehemu zetu walikuwa na kituo Shirati, na ngome huko Ikoma.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuja Waingereza. Mwaka 1922 walitunga sheria ya kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Kwa Wakuria kila mke alikuwa na nyumba yake. Kwa hiyo mwanamume mwenye wake watatu alidaiwa zaidi kuliko mwenye mke mmoja. Ili apate fedha za kodi aliuza ng'ombe. Asiye na ng'ombe aliondoka nyumbani. Alikwenda kutafuta kazi ya mshahara machimboni, katika mashamba makubwa au jeshini.

Sheria za kodi zilikuwa na jambo moja la kukumbuka. Mzee sana, au mtu asiyejiweza kabisa, aliweza kusamehewa kodi. Basi ilibidi mtu fulani aamue nani hajiwezi. Walioamua walikuwa wakubwa wa wilaya, kwa kusikia maneno ya machifu na majumbe wao. Mwananchi wa kawaida hakuulizwa. Swali la yule mama mjane, "Nani anaamua?", lilianza siku hizo.

Kulikuwa pia na amri za chakula. Serikali ya Waingereza iliogopa njaa, maana njaa iliigharimu fedha. Kwa hiyo katika sehemu nyingi za Tanganyika kila kaya iliamriwa kulima zao linalovumilia ukame, hasa muhogo. Aliyekataa alishtakiwa na kutozwa faini. Watu walichukia amri hizo. Hata hivyo muhogo ulibaki. Leo ugali wa udaga umeokoa nyumba nyingi za Mara katika miaka mibaya.

Hapo tunaona jibu la kwanza la serikali: Jisaidie mwenyewe kwa amri, nasi tutakusaidia ukikaribia kufa.

AHADI YA UHURU

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka huo huo sehemu nyingi za nchi zilikuwa na ukame mkali. Serikali changa ililazimika kugawa chakula cha njaa, na mahindi mengine yalitoka Marekani. Wazee wengi walijifunza siku hizo kwamba uhuru bila chakula ni uhuru wa kuazima.

Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani Mara, alilijua jambo hilo. Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 lilitaka taifa lijitegemee. Lilisema kila anayeweza kufanya kazi afanye kazi. Lakini lilitambua pia kwamba wako wasioweza kufanya kazi, yaani watoto wadogo, vikongwe na vilema. Hao walistahili kutunzwa na wenzao.

Hatua zikafuata. Mwaka 1969 kodi ya kichwa ilifutwa. Mwaka 1973 ada ya shule ya msingi ilifutwa. Mwezi Novemba 1974 viongozi wa TANU walikutana Musoma, makao makuu ya mkoa wetu. Huko walitoa Azimio la Musoma. Azimio hilo lilitaka kila mtoto aliyefikia umri aingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Matibabu katika zahanati na hospitali za serikali yalikuwa bure.

Angalia tofauti yake na siku za ukoloni. Sasa hakuna aliyeulizwa kama ni maskini au tajiri. Mtoto wa mwenye ng'ombe mia na mtoto wa mjane walikaa dawati moja. Hilo ndilo jibu la pili: Wote wachangie kwa kazi, wote wapate.

Ahadi hiyo ilikuwa na gharama yake. Serikali ilisema haiwezi kupeleka shule, zahanati na maji kwa watu wanaoishi mbalimbali. Kwa hiyo watu walitakiwa kuhamia katika vijiji. Mwanzoni walishawishiwa. Mwezi Novemba 1973 ikawa amri kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Katika wilaya zetu watu wengi walihamishwa mwaka 1974. Waliacha nyumba zao, mazizi yao, makaburi ya wazee wao na mashamba yenye rutuba. Wengine walibomolewa nyumba kabla hawajajenga mpya.

Kwa hiyo hata msaada kwa wote ulikuwa na sharti. Sharti lilikuwa kuhama. Na wengi hawakuulizwa.

MIAKA YA YANGA

Mambo yakawa magumu haraka. Mwaka 1973 na 1974 mvua zilikosekana. Watu wengi walikuwa wanahama wakati wa kulima. Mwaka 1974 na 1975 serikali ilinunua nafaka nyingi sana kutoka nje, na akiba ya fedha za kigeni ikaisha. Ikatangazwa kampeni ya kilimo cha kufa na kupona.

Kisha bei ya mafuta ilipanda duniani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mpaka mwaka 1983. Wananchi wa Tarime waliliona jambo hilo kwa macho yao, kwani soko na ndugu viko upande wa pili wa Sirari. Mwaka 1978 Idi Amin alivamia Kagera, na vita ile iligharimu fedha nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari na chumvi vilipatikana kwa mgao katika maduka ya vijiji. Watu walikula ugali wa yanga, yaani unga wa mahindi ya njano ya msaada.

Hapo ukaja mjadala mkubwa. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa tayari kuikopesha Tanzania, lakini kwa masharti. Lilitaka serikali ipunguze thamani ya shilingi na ipunguze matumizi. Mwalimu Nyerere aliyakataa masharti hayo kwa miaka kadhaa. Aliona kwamba maskini ndio watakaoumia. Wengine serikalini walisema nchi haina njia nyingine, maana hospitali ya bure isiyo na dawa haimsaidii mgonjwa. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mwaka 1986 serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilitia sahihi mkataba na shirika hilo.

Angalia, ndugu msomaji. Swali la kijana wa mkutanoni, "kwa masharti gani?", lilikuwa limeulizwa kwa taifa zima.

KUCHANGIA NA KUSAMEHEWA

Kodi ya kichwa ilikuwa imekwisha kurudi. Mwaka 1983 ilirudi kwa jina jipya, kodi ya maendeleo. Wazee na vijana wa wakati huo wanakumbuka mgambo wakigonga milango alfajiri. Asiye na stakabadhi alikamatwa. Kodi hiyo haikuangalia sana kama mtu amevuna au hakuvuna. Maskini na mwenye duka waliweza kudaiwa kiasi kilekile. Ilifutwa mwaka 2003.

Michango ya shule nayo ilirudi katika miaka ya 1980. Mwaka 1993 wagonjwa walianza kulipa katika hospitali za serikali. Serikali iliweka msamaha kwa wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na watu wasiojiweza. Baadaye wazee maskini wa miaka 60 na zaidi waliwekwa pia katika sera.

Msamaha ni jambo jema, lakini una tatizo la zamani. Mwenye haki ya msamaha ni lazima athibitishe kuwa ni maskini. Anahitaji barua ya mtendaji. Anahitaji nauli ya kumfuata. Anahitaji ujasiri wa kusimama dirishani na kusema, "Mimi sina." Wengi walibaki nyumbani na ugonjwa wao.

Upande wa elimu, serikali ilirudi katika njia ya wote wapate. Ada ya shule ya msingi ilifutwa tena mwaka 2001. Kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa mpaka kidato cha sita. Katika elimu mtoto wa shule ya serikali haulizwi umaskini wake. Katika matibabu mgonjwa aliulizwa. Nchi moja ilikuwa na majibu mawili kwa wakati mmoja.

FEDHA MKONONI

Mwaka 2000 ulianzishwa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao wengi wanaujua kwa jina la TASAF. Fedha zake nyingi za kuanzia zilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia. Tukumbuke, mkopo si zawadi. Unalipwa na taifa, yaani na kodi ya anayenunua sukari, sabuni na mafuta ya taa. Hata mjane maskini anachangia kulipa anaponunua kiberiti.

Mwanzoni TASAF ilisaidia kujenga shule, zahanati na visima. Mwaka 2010 ilianza jaribio katika wilaya tatu, Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Huko kaya maskini zilipewa fedha mkononi. Wengi waliogopa kwamba fedha zitaishia kwenye pombe. Wataalamu walifuatilia kaya hizo. Waliona kwamba nyingi zilinunua mbuzi na kuku. Zilikata bima ya afya. Watoto wao walivaa viatu.

Kuanzia mwaka 2012 mpango huo ulipanuliwa, na baada ya miaka michache ulifikia zaidi ya kaya milioni 1 nchini. Tuangalie hesabu ya miaka hiyo ya kwanza. Kaya ilipata shilingi 10,000 kwa mwezi. Kama ina watoto iliongezewa shilingi 4,000. Kila mtoto wa shule ya msingi aliyehudhuria masomo aliongezewa shilingi 2,000, lakini wasizidi wanne. Mama mwenye wajukuu watatu shuleni alipata hivi:

Kaya: shilingi 10,000.
Nyongeza ya watoto: shilingi 4,000.
Wajukuu watatu, 2,000 kila mmoja: shilingi 6,000.
Jumla kwa mwezi: shilingi 20,000.

Fedha zililipwa kila baada ya miezi miwili. Kwa hiyo alipokea shilingi 40,000. Mtoto asipohudhuria shule, au mchanga asipopelekwa kliniki, malipo yalipungua. Hilo lilikuwa sharti.

Kwa wenye nguvu palikuwa na ajira za muda. Kila kaya iliweza kutoa mtu wa kufanya kazi ya kijiji, kama kuchimba lambo au kutengeneza barabara. Malipo yalikuwa shilingi 2,300 kwa siku, kwa siku zisizozidi 15 kwa mwezi, miezi minne kwa mwaka. Miezi iliyochaguliwa ni ile ya njaa. Aliyefanya siku zote 60 alipata shilingi 138,000.

Mjadala haukwisha. Mwanzoni mwa mwaka 2017, wakati wa ukame, Rais John Magufuli alisema serikali haitagawa chakula cha bure. Alitaka watu walime. Lakini Februari 2020 yeye mwenyewe alizindua awamu mpya ya mpango wa kunusuru kaya maskini, na alitaka kaya hewa ziondolewe. Kaya hewa ni kaya zilizoandikwa kwenye orodha bila kuwapo au bila kustahili.

Zanzibar ilichukua njia nyingine. Kuanzia Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 au zaidi alianza kupata pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Hakuulizwa kama ana minazi au hana. Aliulizwa umri tu. Njia hii inagharimu zaidi, lakini haina ugomvi wa nani ametajwa na nani amesahauliwa.

JASHO NA MACHOZI

Sasa twende upande wa Serengeti. Huko mjadala una sura yake.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo yalianzishwa mwaka 1994. Wanyama wamelindwa, na taifa linapata fedha nyingi kwa watalii. Lakini kumbuka tulivyosema hapo mwanzo. Pori lilikuwa akiba ya njaa. Akiba ile ilifungwa kwa sheria. Tena tembo hutoka hifadhini usiku na kula mtama na mahindi ya mkulima. Shamba la msimu mzima linaweza kwisha usiku mmoja.

Mwaka 2011 serikali ilitoa kanuni za kuwasaidia walioharibiwa mali au kudhuriwa na wanyama wakali. Malipo ya mazao yanaitwa kifuta jasho. Malipo ya mtu aliyeuawa au kujeruhiwa yanaitwa kifuta machozi. Kwa kanuni zile za mwaka 2011, familia ya aliyeuawa ilipata shilingi 1,000,000. Kwa mazao, kiwango cha juu kabisa kilikuwa shilingi 100,000 kwa ekari, na zilihesabiwa ekari tano tu. Mwenye shamba la karibu na hifadhi alipata pungufu kuliko wa mbali. Aliyelima ndani ya nusu kilometa kutoka mpakani hakupata kitu.

Jina lenyewe linaeleza. Hii si fidia. Fidia ni kulipa thamani yote ya kilichopotea, na mtu huidai kama haki yake. Kifuta jasho ni pole. Mkulima anasema: "Sikuharibiwa shamba na mvua. Niliharibiwa na mnyama anayelindwa na sheria. Kwa nini nipewe pole badala ya haki?" Serikali nayo inasema kwamba ikilipa thamani yote, watu watafuata kulima mpakani, na gharama haitabebeka. Hoja zote mbili zina uzito. Lakini mkulima asiyejua tofauti ya maneno hayo mawili hawezi hata kuanza kujadili.

TURUDI CHINI YA MTI

Tuliwaacha watu wetu mkutanoni. Mwenyekiti alimsikia mama mjane. Hakumwambia aketi. Aligeukia mkutano na kuuliza: "Je, mama huyu anasema kweli?"

Watu walitazama chini. Kisha jirani yake, mama mtu mzima, alisimama. Alisema anamjua. Alisema mara nyingi moshi hautoki katika nyumba ile mpaka jioni. Mwingine akasema yule mwenye ng'ombe kumi na tano anajulikana, na zizi lake linaonekana kutoka hapo walipo. Jina lake likafutwa. La mama likaandikwa. Baadaye maofisa walipita nyumba hadi nyumba kuhakikisha orodha.

Mzee mwenye fimbo hakuandikwa. Alinung'unika, lakini alisema: "Kama ni huyu, sina neno. Ningekasirika kama ningeachwa mimi na kuwekwa tajiri." Kijana naye alielezwa habari za ajira za muda. Alinyamaza, kisha akauliza lambo litachimbwa wapi.

Mambo hayaendi hivyo kila mahali. Mkutano huu ulifaulu kwa sababu tatu. Watu walihudhuria. Majina yalisomwa kwa sauti mbele ya wote. Na mtu mmoja asiye na ukubwa wowote alithubutu kusema, na jirani yake akamuunga mkono. Katika historia yote tuliyosoma, msaada ulipotea au uliumiza pale wachache walipoamua peke yao. Ndivyo ilivyokuwa kwa majumbe wa kodi. Ndivyo ilivyokuwa kwa waliohamishwa bila kuulizwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa orodha za kaya hewa.

Sheria inatupa nguvu. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Huo ndio wenye mamlaka ya juu katika kijiji. Si mtendaji wala kamati. Mwananchi asiyeridhika ana haki ya kupeleka malalamiko yake kwa serikali ya kijiji, kwa mtendaji wa kata, na hata kwenye halmashauri ya wilaya. Ayaandike, aweke tarehe, na abaki na nakala. Hapo ndipo faida ya kujua kusoma na kuandika inapoonekana.

Na maswali yale matatu yatarudi. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hiyo inataka watu wote wawe na bima, na inaweka njia ya kuwagharimia wasio na uwezo. Maana yake, itabidi tena mtu aseme nani hana uwezo. Siku hiyo mkutano ukiitwa, usiseme nina kazi shambani. Kaa chini ya mti. Sikiliza majina yanaposomwa. Na ukimwona mama amesimama nyuma kabisa, akisema kwa sauti ndogo, msikilize, na kama unajua anasema kweli, simama naye.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Zamani watu wa kijiji chenu walisaidianaje wakati wa njaa? Ni misaada gani ya namna hiyo iliyobaki?

2. Je, ni bora serikali isaidie kila mzee, kama Zanzibar, au isaidie kaya maskini tu? Toeni sababu.

3. Kuna tofauti gani kati ya fidia na kifuta jasho?

4. Mara ya mwisho mkutano mkuu wa kijiji chenu ulifanyika lini? Je, mapato na matumizi yalisomwa?